Kasuku wa Isecheno

Mwezi uliopita nilirudi msituni Isecheno, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu niliingia kwa kukata tiketi. Nilikuwa na kundi la wapenzi wa ndege kutoka Nairobi, watu wema wenye kofia pana na darubini za bei ya ng'ombe. Walinialika kwa sababu moja tu: walisikia nilizaliwa karibu na hapo, wakadhani basi najua ndege. Sikuwasahihisha. Nimefundisha chuo kikuu miaka mingi, na kama kuna ufundi nilioupata huko, ni ule wa kuitikia kwa kichwa polepole mtu anapotaja kitu nisichokijua.

Tulipofika mahali vijia vinapogawanyika, kiongozi wetu alisimama akanigeukia. Alikuwa binti wa huko huko, mwenye umri wa kuwa mtoto wa mmoja wa wenzangu wa darasani.

"Mzee," akasema, "wewe ni wa hapa. Wale kasuku wa kijivu wenye mkia mwekundu, uliwahi kuwaona?"

Neno mzee lilinichoma kidogo, lakini goti langu lilikuwa limeshamuunga mkono. Wengine wakanitazama. Binti akaeleza kwamba yeye mwenyewe, pamoja na kazi yake yote, anawajua kasuku wale kwa picha tu. Zamani walilala msituni humu kwa makundi. Siku hizi mtu akisema ameona mmoja, anaulizwa kwanza alikuwa amekunywa nini. Watu wakacheka. Mimi niliomba kupumzisha goti, nikaketi juu ya gogo. Nawe, rafiki yangu unayesoma, keti hapa nami kidogo. Jibu la kumpa binti yule lilikuwa fupi, ila kulifikia kulinichukua muda.

Ilikuwa miaka ile bendera mpya haijapauka. Kwetu ni upande wa Shinyalu, karibu na msitu kiasi kwamba asubuhi tuliamshwa na mbega wakinguruma, kisha hondohondo wakipita juu ya paa, mabawa yao yakitoa sauti ya mtu anayepuliza moto uliokataa kuwaka. Nyumba ilinuka moshi wa kuni mbichi na mrenda uliotiwa maji ya majivu. Kazi yangu ilikuwa kuokota kuni, lakini mwisho wangu ulikuwa mpakani. Mpaka ulikuwa mtaro tu, wenye kina cha kumfika mtoto magotini, na kila mbuzi wa kijiji aliuruka bila kufikiri. Sisi binadamu tuliuogopa. Upande wa pili ulikuwa wa serikali.

Miaka ile kila mtu alikuwa anangojea kitu. Baba alingojea kupandishwa cheo katika ofisi yake mjini. Jirani yetu alingojea shamba, akalipata kweli, huko Lugari, kwenye mashamba waliyoyaacha Wazungu. Akapakia kitanda na kuku juu ya lori akatuaga huku akilia kwa furaha. Nyanya yangu, mama yake baba, ambaye tulimwita kukhu, aliliangalia lori lile hadi likaisha machoni. Kwake huo ulikuwa ushahidi. Kama shamba la Mzungu linaweza kurudi kwa wenyewe, msitu je? Maana nyanya hakuzaliwa wala hakuolewa upande wetu wa mtaro. Mji wake wa kwanza ulikuwa ndani, kwenye uwazi uliozungukwa na miti, kabla mkoloni hajachora mpaka na kuwatoa watu.

Kila jioni alimuuliza baba, "Mtaro wataufukia lini?"

"Kukhu yenu anadhani mimi ndiye serikali," baba alituambia, akijitazama kwenye kioo kama mtu anayependa kidogo kosa hilo.

Bwana misitu wa Kizungu aliondoka, akaja bwana misitu wetu, Mwafrika, mwenye kaptula ile ile ya kaki na soksi zile zile za kufika magotini. Mtaro haukufukiwa. Kwa kweli aliweka watu wakaufukua zaidi.

Ndipo mwalimu mpya alipofika shuleni kwetu. Alikuwa kijana ametoka chuoni, shati jeupe kila siku, na imani kwamba taifa jipya linahitaji watoto wanaojua majina ya vitu vyao. Akaanzisha kikundi cha kutazama ndege. Akatangaza kwamba ameandikiwa kibali, na Jumamosi tutaingia msituni Isecheno kuwaona kasuku.

Habari hiyo iliwashinda watu kuimeza. Kwetu ndege aliyetafutwa na watu wazima alikuwa isindu, yaani kware, na alitafutwa ili aliwe: unamweka mmoja ndani ya kikapu juu ya mti mrefu, anaimba, wenzake wanakuja kumsikiliza, wanaishia kwenye chungu. Mama mmoja wa jirani, ambaye ulimi wake haukuwahi kupumzika hata kanisani, alisimama barabarani na mtungi kichwani akatuuliza:

"Mtarudi na wangapi?"

"Hatuwashiki, mama. Tunawaangalia."

"Mnawaangalia, halafu?"

"Tunarudi."

"Kwani ndege amekuwa sinema?" Akaondoka akicheka hadi maji yakamwagika mgongoni.

Nasi hatukuwa tumeelewa zaidi yake. Jumamosi asubuhi mwalimu alitukagua pale uwanjani akakusanya manati kutoka mifukoni mwetu hadi kikapu kikajaa. Mwenzangu niliyekuwa naketi naye darasani alikuwa amebeba pia chumvi ndani ya jani la mgomba. Mwalimu aliitazama chumvi ile, akamrudishia.

Lakini nimeruka jambo. Jioni ya Ijumaa nyanya aliniita jikoni, nikamkuta anapukusa mahindi. Akaniambia kesho anakuja nasi. Alikuwa ameshamwendea mwalimu akamwambia watoto hawawezi kushinda msituni na njaa, kwamba yeye atapika, na kwamba ana kuku. Mwalimu, ambaye alikuwa akiishi kwa chai na mkate, aliposikia ingokho, yaani kuku, alikubali kabla nyanya hajamaliza sentensi.

"Mimi siendi kwa ajili ya ndege," nyanya akasema. "Naenda kumchukua yule mwenye jina lako."

Nilijua ninabeba jina la mtu. Kila mtoto kwetu alibeba la mtu. Nilipozaliwa, waliniambia, nililia nikakataa ziwa, wakaanza kunitajia majina ya marehemu wa ukoo mmoja mmoja, nikanyamaza kwenye jina la mtoto wa kwanza wa nyanya. Kaka yake baba, aliyekufa mdogo, kabla baba hajazaliwa. Nilikuwa sijawahi kuuliza amelala wapi.

Amelala msituni, nyanya akasema, nyuma ya jiko lake la zamani. Watu wa serikali walipokuja kuwatoa, waliwahimiza sana. Babu alibeba nguzo za nyumba, yeye akabeba vyungu na mbuzi. Jiwe lake la kusagia lilikuwa zito, haliwezi kubebwa na mtu mwenye njaa. Kwa hiyo waliliburuta hadi kichwani pa kaburi wakaliacha hapo liwe alama.

"Nikasema miti itaota, njia itapotea, lakini jiwe litakaa. Nani ataiba jiwe?"

Na hawakuwa wamemuaga. Hilo ndilo lililomkosesha usingizi miaka yote. Mtoto alikuwa hajaambiwa kwamba watu wamehama. Kwa desturi ya mji wao, aliyeachwa namna hiyo huendewa pale alipo, anaitwa kwa jina lake, na yule aliyepewa jina lake anamwitikia. Kisha mwitikiaji anatangulia nyumbani. Hasemi na mtu, hageuki nyuma, mpaka apite mlangoni. Akigeuka, aliyemfuata anadhani amekatazwa, naye anarudi zake. Sijui kama ni desturi ya Waluhya wote au ya mji wa nyanya peke yake. Nilipokuwa chuo kikuu nilitafuta kitabuni sikuiona, nikaona aibu kwamba nilikuwa nimeitafuta kitabuni.

"Utaweza?" akaniuliza.

"Nitaweza, kukhu."

"Mimi nimezeeka. Kibali kingine sitakingoja."

Basi tukaenda. Umande ulitulowesha kaptula, nyanya akifuata nyuma na sufuria kichwani na kuku kwapani, kuku akipiga kelele ambazo mwalimu alihofu zitawakimbiza ndege wa mkoa mzima. Kwenye kituo cha msitu bwana misitu alitupokea kwa hotuba. Nyanya alikwenda moja kwa moja kwenye jiko la nyuma kuweka vyombo. Sisi tulipelekwa bustanini kuonyeshwa kitu ambacho bwana misitu alijivunia: juu ya nguzo fupi ya simiti palikuwa na bakuli pana la jiwe, lililojaa maji na kuota kuvu la kijani ukingoni. Vijidege vya manjano vilitua, vikajirushia maji, vikaruka.

"Huku ndege wanajileta wenyewe kuoga," akasema.

"Bila mtego?" mwenzangu wa chumvi akauliza.

Nilivitazama vijidege. Jiwe sikulitazama, kwani tulikuwa tumeambiwa tutazame ndege.

Asubuhi ile nzima tulizunguka msituni. Darubini ilikuwa moja, ya bwana misitu, ikapita mkono kwa mkono. Zamu yangu ilipofika niliona kope zangu mwenyewe, zikiwa kubwa na nyeusi, nikatangaza kwamba nimeona ndege. Tuliona wale wakubwa wa buluu wenye kishungi wakikimbia juu ya matawi kama kuku waliosahau wana mabawa. Kasuku hatukuwaona. Mwalimu alitukalisha chini ya mti uliozaa, akaweka kidole mdomoni, tukangoja, siafu wakatupanda. Hakuna kilichokuja.

Nyanya alikuwa amemwachia mpishi wa kituo sufuria yake akafuatana nasi, akisema anatafuta mboga. Nilijua anachotafuta. Kila tulipofika kwenye uwazi aliacha njia, akakanyaga majani kwa nyayo, akisikiliza kwa miguu. Mahali pamoja alisimama muda mrefu. Palikuwa na majani marefu na miche ya misonobari iliyopandwa kwa mistari iliyonyooka. Akaenda huku, akarudi, akaenda kule.

"Ni hapa?" nikanong'ona.

"Huenda. Mto ulikuwa unasikika upande huu." Akainama akapapasa chini ya majani. "Jiwe liko wapi?"

Mwalimu akageuka akatuwekea kidole mdomoni tena. Tukasonga mbele. Palikuwa na uwazi mwingine baada ya hapo, na mwingine, nao ulifanana na wa kwanza kama vile watoto wa shule wanavyofanana machoni pa mkaguzi. Nyanya aliukanyaga wote. Tuliporudi kituoni jua likiwa juu, uso wake ulikuwa wa kijivu.

Alitupakulia. Nakumbuka obusuma ule, ugali wa kwetu, ulivyokuwa mgumu na wa moto, mchuzi wa kuku ukipita katikati ya vidole. Nakumbuka nilikula vizuri, kwani mtoto hula. Mwalimu na bwana misitu walikaa barazani wakizungumzia taifa. Nyanya alimaliza kugawa, akachukua mwiko, akatafuta maji ya kuusuuza, akaliona lile bakuli bustanini.

Alisimama mbele yake. Akauweka mwiko chini kwenye nyasi. Kisha akaingiza mkono wa kushoto ndani ya maji, kiganja chini, akausukuma mbele, akauvuta nyuma. Mbele, nyuma. Nyanya alikuwa mtu wa kushoto, na hata mimi, nilipokaribia, niliona kwamba jiwe lile lilikuwa limelika zaidi upande mmoja.

"Bwana misitu!" akaita. "Hili jiwe mlilitoa wapi?"

Bwana misitu akashuka barazani akifuta mikono. "Hilo la ndege, mama? Mimi nililikuta hapa. Yule Mzungu aliyekuwa kabla yangu alikuwa anapendanga ndege sana. Alituma watu wakamletea kutoka ndani."

"Ndani wapi?"

"Nani ajue? Msitu ni mkubwa."

"Waliolibeba wako wapi?"

"Walikuwa vibarua, walisharudi makwao."

"Na yeye?"

"Ulaya."

Nyanya aliutoa mkono majini. Maji yalikuwa yanachuruzika kutoka vidoleni mwake. Bwana misitu alimtazama yeye, akalitazama jiwe, na naona alianza kuelewa, kwa sababu alivua kofia. Hakuwa mtu mbaya.

"Mama, kama ni lako, chukua. Leo hii nitatoa vijana wakubebee mpaka kwako."

"Jiwe ninalo nyumbani, mwanangu," nyanya akasema. "Nilikuwa nataka pale lilipokuwa."

Mwalimu akauliza kutoka barazani kuna nini. Hakuna kitu, mwalimu, nyanya akajibu, watoto wameshiba? Bwana misitu alirudi polepole, kofia bado mkononi. Nyanya akabaki ameshika ukingo wa jiwe. Nilidhani amekata shauri kwamba safari imeharibika, na moyoni nilifurahi kidogo, maana njia ya kurudi ilikuwa ndefu na mimi nilipenda kuongea. Kisha akaita. Aliliita jina langu kwa lugha yetu, si kwa sauti ya kuniita kutoka malishoni. Aliliita chini chini akiyaelekea maji, kama unavyomwamsha mtoto mdogo ambaye hutaki aamke akilia.

Niliitikia.

"Twende nyumbani," akasema. "Tulihama."

Kijidege kimoja cha manjano kilitua ukingoni, kikatuangalia, kikaanza kuoga.

Nikatangulia. Wenzangu waliponikuta niko mbele barabarani, nimefunga mdomo, walianza mara moja. Mmoja akasema nimekula kuku peke yangu. Mwingine akasema nimemeza ndege nikaogopa ataruka nikifungua mdomo. Mwalimu naye akataka kupima masomo ya siku; akaniita kwa jina, akanionyesha ndege juu ya uzio.

"Yule ni nani? Wewe, nakuuliza."

Nilitazama barabara.

"Mwalimu, mwache," nyanya akasema kutoka nyuma. "Leo amebeba kitu."

"Amebeba nini, kukhu? Mikono yake mitupu."

"Ndiyo hivyo."

Mwalimu alikuwa msomi, lakini alikuwa pia mtoto wa mama fulani. Akaniacha.

Jua lilikuwa linashuka mbele yetu, vivuli vyetu vyote viko nyuma. Hapo ndipo nilipowasikia. Kwanza miluzi, kwa mbali, juu ya msitu. Kisha kelele za kukwaruza, kama watu wengi wanaocheka wakiwa wameziba pua. Zikaja, zikajaa hewani kutoka kila upande wa mgongo wangu. Darasa zima likageuka kwa pamoja.

"Kasuku! Kasuku! Ni wengi!"

"Mikia! Angalieni mikia!"

Nilimsikia mwalimu akicheka, kicheko cha mtoto, akisema wanarudi kulala, wanarudi kulala, kana kwamba amewaleta yeye. Mwenzangu wa chumvi alinikimbilia akanishika masikio akajaribu kunigeuza kichwa kwa nguvu. "Geuka, we mjinga! Wanaisha! Mkia mwekundu kama bendera!" Nilikaza shingo hadi ikauma. Machozi yalikuwa yananitoka, ya masikio au ya kasuku, sikumbuki. Mbele yetu mwanamke mmoja alikuwa anakuja na mzigo wa kuni, akasimama, akainua uso, mdomo wake ukafunguka taratibu. Huo uso ndio nilioutazama. Ulimulikwa kidogo, ukafuata kitu kutoka kulia kwenda kushoto, kisha ukazima, na kelele zikaisha.

Kwetu nyanya alinifungulia mlango nikapita. Niligeuka, sasa nikiwa na ruhusa. Alikuwa bado amesimama nje, ameushika mlango wazi na kusogea pembeni, kama unavyofanya wageni wakiwa wawili na wa pili yuko nyuma. Alingoja. Halafu akaingia, akaufunga.

Sikumuuliza siku ile. Nilimuuliza baadaye, mvua zikiwa zimeanza, tukiwa tunaokota kumbikumbi. "Kukhu, alikuja?"

"Aliitwa," akasema.

Akaokota kumbikumbi wengine wawili, kisha akaongeza, kama anayejisemea, "Jiwe lilikuwa mbali naye. Sijui kama sauti ilifika." Hakulizungumzia tena, wala mtaro hakuuliza tena utafukiwa lini. Mwaka ule ule tulimzika, upande wetu wa mpaka. Mwalimu alihamishwa. Mama wa mtungi alikwenda Lugari kwa mwanawe. Jina bado ninalo. Wanafunzi wangu huliandika juu ya insha zao, mara nyingi kwa makosa.

Na mwezi uliopita, kabla hatujaingia msituni, nilizunguka nyuma ya kituo kulitafuta lile jiwe. Nguzo ya simiti ipo, imepinda. Juu yake pamewekwa beseni la plastiki la buluu. Niliuliza kila mfanyakazi niliyemwona, na kila mmoja akaniambia, kwa heshima, kwamba alilikuta beseni.

Binti alikuwa bado anangoja jibu pale kwenye vijia. Niliinuka kutoka kwenye gogo.

"Sikuwaona," nikamwambia. "Walipita nyuma yangu."

"Hukugeuka?"

"Nilikuwa na mtu."

Alidhani namtania, akatabasamu, akashika njia. Wenzangu wakamfuata na darubini zao zikiwa juu. Nilikuwa wa mwisho, na nyuma yangu msitu ulikuwa kimya kabisa. Niligeuka nikautazama. Nilichelewa kuingia kwenye gari, wakapiga honi.